Ovaroli za Pinetown

Jumatatu, 4 Mei
Kazi imeisha! Meneja wa kiwanda cha madawati Pinetown amekubali ovaroli zetu. Amenipa mkono, tena kwa mikono miwili. Nimemwambia mke wangu Yvette aache saluni leo leo, aanze kushona. Akauliza kama wamesaini. Nikamwambia mtu mkubwa akikupa mkono, karatasi zinafuata zenyewe. Kufika jioni, kiti chake pale saluni Overport kilikuwa kimeshakaliwa na msusi mwingine, Lyse.

Jumatano, 6 Mei
Karatasi hazikufuata. Nimepiga simu kiwandani. Kumbe meneja kazi yake ni kukubali tu. Anayenunua ni Fiona wa manunuzi, Mkenya, mpole kama nesi. Anataka cheti cha kodi, barua ya benki na ovaroli ya mfano. Halafu yote yaende kwa mwanasheria. Nikauliza mwanasheria na ovaroli wapi na wapi. Akasema hata yeye hujiuliza. Yvette nimemwambia bado wanatafuta kalamu nzuri.

Ijumaa, 8 Mei
Nimepata dawa. Kwetu Bukavu karatasi zikilala ofisini, unamtembelea mwenye ofisi. Si rushwa, ni adabu. Nilimwomba Yvette apike sombe, kisamvu cha kwetu, nikabeba sufuria nzima hadi Pinetown. Fiona alifunua kifuniko, akanusa, akafumba macho. Kisha akasema pole sana ndugu yangu, zawadi ya muuzaji lazima iripotiwe, na ikiripotiwa, mwanasheria lazima achunguze kwanza. Kontrati imesimamishwa na sombe! Nimeila langoni pamoja na mlinzi. Mlinzi alisema eish, oa tena mke huyo huyo. Hilo lilinifariji kidogo.

Jumapili, 10 Mei
Aibu. Ezéchiel, fundi nguo mwenzetu na mshindani wangu wa siku zote, alisimama kanisani kutoa ushuhuda: amepata mashine ya kudarizi. Makofi, vigelegele. Sikuvumilia. Nikachukua maikrofoni nikashuhudia kwamba Bwana ametupa kontrati ya Pinetown, imesainiwa, imegongwa muhuri. Kanisa lote lilicheza! Yvette alilia kwa furaha, maskini.

Kisha mchungaji akaomba wageni wasimame, wajitambulishe kama kawaida. Akasimama bwana mwembamba mwenye suti ya kijivu. Akasema jina lake ni Omwenga, anakaa Westville, ni mwanasheria wa kiwanda cha madawati Pinetown, na amebarikiwa sana kusikia habari za kontrati ambayo bado iko mezani kwake.

Nilikumbuka kwamba kuna kitu nimesahau nje.

Jumanne, 12 Mei
Yvette hasemi na mimi. Ananiandalia chakula, anaweka na kijiko, lakini kimya. Lyse hatatoka kwenye kile kiti, na ni mimi niliyemkalisha. Kontrati ikianguka, mke wangu hana saluni wala ovaroli. Nampenda huyu mwanamke na nimemweka pabaya. Nikamwambia usijali, nina mpango mwingine. Hapo ndipo alipofungua mdomo. Aliniita kwa jina la mtoto wetu: Baba Israël, mipango iko ya kutosha. Kesho tunaenda Pinetown, na wewe utakaa kwa mlinzi.

Jumatano, 13 Mei
Nimekaa kwa mlinzi. Aliulizia sombe.

Yvette alimpelekea Fiona vyeti vyote, kisha akamwuliza Omwenga anaogopa nini hasa. Sombe ilishasamehewa. Aliogopa kwamba mwanamke mmoja na cherehani moja hawatamaliza kwa wakati. Yvette akasema ataleta ovaroli kwa mafungu, na majina ya wafanyakazi kifuani atadarizi Ezéchiel. Ezéchiel! Alimwendea jana bila kuniambia, na yule mtu akakubali palepale, hata hakunicheka. Nimeumia zaidi kwa kuwa hakunicheka.

Ijumaa, 15 Mei
WAMESAINI. Omwenga ameongeza kipengele cha mwisho: mawasiliano yote ni kwa Bi Yvette, na mumewe, Bwana Apollinaire, asipige simu, asitembelee, asilete chakula. Nimemweleza Yvette kwamba hata marais hawapigi simu wenyewe. Alicheka mpaka akakaa chini. Wiki nzima nilikuwa nimekikosa kicheko hicho. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi la vitambaa.

Jumapili, 17 Mei
Leo kwenye robot ya barabarani, taa ikiwa nyekundu, nimeongea na mwenye kampuni ya ulinzi. Gari kubwa. Nikamwambia walinzi wake wanahitaji makoti. Akasema sharp, yaani sawa, taa ikawa kijani, akaondoka. Kazi imeisha! Nimemwambia shemeji yangu Peguy aache duka la simu, maana tutahitaji dereva. Leseni atapata. Akauliza kama huyo bwana amekubali kweli. Nikamwambia alishusha kioo chote, mpaka chini. Peguy anaaga kazini kesho asubuhi.