Darasa Limebaki na Mimi

Jumatatu, 3 Machi
Uthibitisho umenishinda tena. Mhadhiri kaniita ubaoni. Nikaandika "ni dhahiri". Kauliza ni dhahiri kwa nani. Darasa zima la hisabati tuko watatu: mimi, Kipanga, ninayeishi naye chumba kimoja na kunakili kazi zake, na Shangazi, mtu mzima aliyerudi shule. Kila swali lazima linifikie. Ila karani kaninong'oneza kwamba somo likipungukiwa na watu, chuo hulifuta. Likifutwa, nimepona. Usiku nimekula kwa hamu.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia Shangazi hisabati haina ajira. Nilitia chumvi nyingi. Mchana alikuwa keshahamia uhasibu. Kanishukuru, kasema mimi ni kama mwanawe. Roho iliniuma kidogo. Somo halijafutwa.

Ijumaa, 7 Machi
Zamu ya Kipanga. Nimemjaza upepo: kichwa kama chake kinaozea hapa, aombe chuo kikubwa. Kaomba. Mama yangu kapiga simu, kawatangazia majirani kuwa mwanawe ni mwanahisabati. Nimesingizia mtandao, nikakata.

Jumatatu, 17 Machi
Kipanga kakubaliwa, kaondoka. Kanikumbatia kituoni. Nimerudi chumbani, godoro lake limekunjwa, ukuta mtupu. Ndipo nikajiuliza: sasa nitanakili kwa nani?

Jumanne, 18 Machi
Mhadhiri kaniita ofisini. Nikaingia nimevaa uso wa msiba, moyoni nashangilia. Kumbe alikuwa na macho mekundu kweli. Mkuu wa chuo alitaka kulifuta somo. Yeye kambembeleza mpaka kakubali liendelee.

"Wenzako wote wamenikimbia," akasema. "Wewe umebaki. Sitakuangusha, mwanangu."

Tutasoma kila asubuhi, meza moja, ana kwa ana. Maswali yote yangu.

Jumatano, 19 Machi
Asubuhi nzima sikujibu hata moja. Hakufoka. Alifuta karatasi, akaanza upya, polepole, kama anayemlisha mgonjwa. Afadhali angefoka. Nilitaka kumweleza ukweli, nikaomba ruhusa ya kwenda msalani. Nikakaa huko.

Alhamisi, 20 Machi
Nimepata dawa. Nimekutana na wanafunzi wawili wa historia wanaotafuta somo la kujazia ratiba. Nimewaapia kwamba hisabati ni rahisi kama kumsukuma mlevi, na mhadhiri hana maswali. Wanajiandikisha kesho. Mmoja ana mabega mapana ajabu. Nitakaa nyuma yake.