Macho ya Viazi

Jumatatu, 3 Machi
Habari njema! Madam Eucabeth anatafuta dereva wa lori lake la samaki, Sindo hadi Migori. Sharti moja: cheti cha macho. Jirani yangu Clifford naye anautaka usukani huo. Amenunua miwani. Nimecheka sana. Mimi siwezi kwenda kwa Madam nimevaa vioo kama mwalimu mkuu. Tena nina siri. Leo nilimsindikiza mke wangu Susana kliniki na mtoto, nikamsikia nesi akiwaambia kina mama kwamba viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina vitamini ya macho. Nimerudi na gunia.

Alhamisi, 13 Machi
Viazi na chai asubuhi. Viazi mchana. Viazi jioni. Susana anasema nesi alikuwa anaongea juu ya watoto wadogo. Nimemwambia macho ni macho. Leo nimemtambua Clifford kutoka mbali sana, nikampungia mkono. Alikuwa ng'ombe wa jirani Mogire. Lakini nimemwona!

Sabato, 22 Machi
Ajabu ya ajabu. Nimeinua mikono kuomba, nikaona viganja vyangu ni vya njano. Vitamini imejaa mpaka inafurika! Imebaki kupanda machoni tu. Baada ya ibada nimempa Clifford mkono makusudi, aone. Ameenda kunawa.

Jumatano, 26 Machi
Siku ya kupimwa. Clifford amepita na miwani yake, dakika mbili tu. Zamu yangu nikasoma kwa sauti, bila kusita. Daktari akaniuliza nasoma nini. Nikasema ubao wa herufi. Akasema hiyo ni kalenda, ubao uko upande wa pili. Kisha akaona viganja, akashuku ini, akanituma nitolewe damu. Aibu! Nusura nilie.

Alhamisi, 27 Machi
Ini ni zima. Ni rangi ya viazi tu imeingia kwenye ngozi, itaisha nikivipunguza. Daktari anasema viazi humsaidia aliyepungukiwa na vitamini. Mimi nimepungukiwa na miwani, basi. Clifford ameanza kazi leo. Imeniuma kweli.

Lakini Madam ana roho nzuri. Ana lori la pili, na amenipa mpaka mwisho wa Aprili nilete cheti. Mwezi mzima! Susana amenisihi karibu kulia nichukue miwani, nisikose na kazi hii. Nimemwapia sitagusa kiazi tena, na mimi ni mtu wa kushika neno. Vilivyobaki nimempelekea Mogire. Kurudi nikapitia sokoni, nikachukua karoti ndoo mbili.