Chunusi Zangu na Damu ya Mama

Jumatatu, 4 Machi
Mwezi wa tano wa vidonge. Uso laini! Chunusi zilizonitesa miaka kumi na miwili, kwisha. Midomo tu ndiyo inabanduka. Siri yangu. Mama anaamini ni maji ya chemchemi ya mtakatifu, anayoniletea kutoka monasterini, na ameutangazia mtaa mzima. Nimemwachia. Plamen, mume wa dada yangu, akijua mwanamume wa miaka ishirini na tisa anameza dawa ya chunusi, nitakoma.

Ijumaa Mama anapasuliwa nyonga. Hospitali inataka watu wanne wa kutoa damu, la sivyo zamu yake inapita. Dada, Plamen, mjomba Kiril. Wa nne mimi! Na daktari wa ngozi alinikataza katakata: damu yangu ikimfikia mjamzito, mtoto ataharibika tumboni.

Jumanne, 5 Machi
Nimesema naogopa sindano. Plamen kacheka mpaka kapaliwa. Ati shemeji, hata kifaranga ana moyo kuliko wewe. Mama akasema aliyeniponya uso ataniponya na woga. Mpango umekufa.

Jumatano, 6 Machi
Kabla ya kwenda kutoa damu nikanywa kahawa vikombe sita, presha ipande wanikatae. Haikupanda! Muuguzi akauliza kama natumia dawa yoyote. Plamen yuko nyuma yangu. Nikasema hapana. Mkono umeshafungwa mpira, mara nikamwona mjamzito akimsubiri mumewe. Lo, tumbo lile! Nikakurupuka, nikatoka mbio.

Alhamisi, 7 Machi
Mama kasikia, hataki kula. Nikafunga mlango, nikamwambia yote. Akaniuliza tu, kwa hiyo kila Jumapili nilivyopanda kile kilima na madumu, na nyonga hii, wewe ulikuwa unaniangalia? Nimelia. Nimeapa: uongo basi!

Plamen akampigia mwenzake wa karakana. Mtu hata Mama hamjui. Akaja na ovaroli lake, akatoa damu, akarudi kazini.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mzima! Tumemzunguka kitandani. Plamen, safari hii kwa upole, akaniuliza nilikimbia nini hasa. Mama akanitazama, anangoja. Nikavuta pumzi. Nikasema damu yangu ni ya nadra mno, madaktari wanaitunza kwa ajili ya wakubwa.

Plamen kaguna kwa heshima! Keshaiambia wodi nzima. Mama kageuza uso ukutani. Atakuwa amechoka, maskini. Dawa za usingizi zile.