Chafya, Vidonge na Zamu Yangu ya Jumuiya

Jumatatu, 15 Julai 2024

Daftari, aibu ya juzi bado inaniuma. Nilipewa kusoma somo kwenye sala ya jumuiya yetu ya kanisa. Chafya kumi na moja! Ya saba ilizima mshumaa.

Ni maua ya miembe. Mji mzima umechanua. Miembe hii walipanda watu wa misafara ya zamani wapate kivuli, wakaenda zao. Chafya wameniachia mimi.

Lakini subiri. Julieth, katibu wetu, mwenye sebule ya vigae, akasimama na kushauri kwamba zamu yangu ya kupokea sala nyumbani Jumamosi ijayo irukwe. Eti dada Consolatha apumzike kwanza. Nipumzike! Tangu tumzike mume wangu Gerson, mwaka wa pili huu, kazi yangu ni kupumzika. Viti vyangu havijakaliwa na mtu. Hata msoma mita ya maji anasomea nje ya geti.

Zamu inazunguka nyumba kumi na nane. Ikirukwa sasa, nasubiri mpaka Novemba. Nikasema mbele ya wote kwamba nimepona kabisa. Nikapiga ya kumi na mbili.

Mzee Bernardo, mwenyekiti, akaamua: wataangalia hali yangu kufikia Alhamisi.

Jumanne, 16 Julai

Mkakati umeanza. Nimekwenda duka la dawa pale Mtendeni. Anauza Najiat, binti mpole, shikamoo yake inatoka moyoni. Amenipa vidonge vyeupe vya mzio. Kimoja tu kwa siku, jioni, nisizidishe hata kama pua haijatulia. Nisichanganye na pombe. Nikamwambia mimi hata komunyo napata mkate tu. Akacheka. Nilifurahi kumchekesha mtu.

Akauliza kama natumia dawa nyingine yoyote. Nikasema hapana. Si uongo, Daftari. Nilikuwa bado sijazinunua.

Akauliza pia naishi na nani, maana dawa nyingine za aina hii zinaleta usingizi, ni vizuri awepo mtu wa kuniangalia. Nikasema tupo wengi. Huo ndio uongo. Nitaungama.

Kutoka hapo nikaingia duka la pili, nikachukua dawa ya maji kwa ajili ya koo. La tatu, vidonge vya njano kwa ajili ya macho kuwasha. Kila duka nililiambia ugonjwa wake tu. Mwili una idara, huwezi kumpa mtu mmoja kazi za ofisi tatu.

Alhamisi, 18 Julai

Julieth kaja kunikagua! Kasimama mlangoni, eti anapita tu. Kutoka kwake mpaka kwangu hakuna njia ya kupita tu.

Nilibana pumzi chafya isitoke. Yeye akaongea. Habari za mchango wa kwaya, habari za mkwewe, habari za bei ya sukari. Mimi naitikia kwa kichwa. Macho yakajaa machozi. Akanitazama, akasema pole mwenzangu, najua bado unamlilia Gerson. Akanikumbatia. Alinukia poda.

Sijakumbatiwa tangu siku ya msiba. Nikataka kukaa hivyo hivyo. Lakini poda ikaingia puani, nikajinasua na kukimbilia chooni nikapiga chafya tisa kwenye taulo.

Jioni Mzee Bernardo kapiga simu. Jumuiya ni kwangu! Julieth mwenyewe kanitetea, kasema mimi ni mzima, ni majonzi tu. Nimemsamehe vigae vyake. Nusu.

Ijumaa, 19 Julai

Nimefagia mpaka nyuma ya kabati. Nimeazima viti kumi na viwili. Matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, nimeshaloweka. Kwa Julieth tulipewa mkate na siagi, kila mtu vipande viwili. Kwangu watachovya matobolwa kwenye karanga mpaka waombe poo.

Jana nilijaribu kidonge cheupe peke yake, kama alivyosema Najiat. Usiku mzuri. Asubuhi chafya tatu tu. Lakini tatu zinatosha kuzima mshumaa. Siwezi kubahatisha na wageni kumi na saba.

Kwa hiyo leo jioni idara zote kazini: cheupe kimoja, vya njano viwili, dawa ya maji vijiko viwili. Na alfajiri narudia, maana wageni wanafika saa kumi na mbili na nusu.

Nasinzia kidogo sasa. Mkono mzito. Nimeandika "wageni" mara tatu hapo juu, nikafuta moja. Neno zuri.

Jumapili, 21 Julai

Jana sikuandika. Nieleze kwa utaratibu.

Alfajiri nilirudia dawa zote. Mdomo mkavu kama gunzi, lakini pua kimya! Geti likagongwa. Wakaingia wote, Daftari. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, viatu vimejaa barazani. Mama Kashindye kakaa kwenye kiti cha Gerson. Nilitaka kulia kwa raha.

Tukapiga magoti. Nakumbuka fumbo la kwanza la rozari. Nakumbuka Salamu Maria ya tatu ya fumbo la pili.

Basi.

Mengine nimesimuliwa na Julieth. Nilikuwa nimepiga magoti, kichwa juu ya kiti, kimya. Wakadhani nimezama katika sala. Mzee Bernardo akawaashiria wapunguze sauti. Walimaliza rozari kwa kunong'ona. Wakaimba polepole. Kuna waliotoa machozi kwa kuona imani yangu. Wakajipakulia matobolwa, wakala, wakayasifu, Eustadia kaomba hadi ya kubeba. Wakaosha vyombo. Wakapanga viti. Ndipo nikakoroma.

Julieth kanitikisa. Naitika "amina" na kulala tena. Akaona chupa na vidonge pembeni ya sanamu ya Bikira. Mzee Bernardo kaita bajaji, mbio kituo cha afya. Wamenipima mapigo ya moyo, wamenikalisha chini ya uangalizi hadi alasiri. Najiat naye alifuata baada ya kupigiwa simu, namba ya duka lake ipo kwenye pakiti. Tabibu kasema zile dawa tatu ni za ukoo mmoja. Hata ile ya koo imetiwa dawa ya mzio ndani, imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa. Nimekunywa kitu kimoja mara tatu, tena dozi juu ya dozi. Kasema ningeweza kulala nisiamke. Aina moja tu, kipimo kilichoandikwa, na nisimgawie mtu kabla hajauliza mtaalamu, maana kila mwili una hali yake.

Nikaitikia yote. Najiat kanisindikiza hadi nyumbani, kachukua dawa zote alizoziona.

Lakini si hilo linaloniuma. Watu walikuwa ndani ya nyumba yangu kwa saa mbili nzima. Walikula, waliimba, walicheka jikoni kwangu. Na mimi sikuwepo.

Jumanne, 23 Julai

Amon yupo! Mwanangu, yule wa kinu cha mpunga Igunga. Julieth alimpigia simu, kafika jana na basi la mchana. Mara ya mwisho alikuja Pasaka ya mwaka jana. Kakaa kiti cha babaye, kala ugali mara mbili, kanigombeza kuhusu dawa mpaka sauti ikamkauka. Raha iliyoje!

Anaondoka kesho na basi la saa kumi na mbili asubuhi. Eti kinu hakisubiri.

Ila anapiga chafya, mtoto wangu. Vumbi la pumba limemwingia, na huku miembe. Nikakumbuka pakiti moja ya vidonge vya njano iliyobaki kwenye kopo la majani ya chai. Najiat hakuuliza habari za kopo. Tabibu kweli alisema nisigawe, lakini hilo ni kwa watu baki. Huyu nimemzaa.

Nimempa kimoja baada ya chakula, nikamwambia ni cha kifua. Anapiga miayo, ila chafya bado ipo. Namwongeza cha pili sasa hivi, na simu yake nimeiweka jikoni ndani ya pipa la unga, kengele ya kumwamshia basi isije ikamsumbua alfajiri.