Upande wa Kivuli

Jumatatu, 5 Agosti

Siku ya kuandikwa kwa wino mzito! Mkurugenzi wa maabara yetu ya udongo ameniita mbele ya watumishi wote na kunikabidhi safari niipange. Si yangu, ni yake. Wiki ijayo anawasilisha ripoti yetu kwenye mkutano mkuu, upande wa pili wa nchi. Sampuli zetu, mirija sitini ya kioo iliyojaa udongo tabaka kwa tabaka, haziruhusiwi kupanda ndege wala haziwezi kuvumilia mashimo ya barabara. Kwa hiyo treni. Saa ishirini na nane. Watu wanne: yeye, Fundi Mkuu (mzee asiyezungumza na kiumbe yeyote kabla ya chai), mimi, na Mwenzangu.

Mwenzangu ni msichana niliyeajiriwa naye siku moja, kwa mkataba mmoja wa majaribio, shahada zetu zikiwa sawa hadi kwenye muhuri. Nafasi ya kudumu ni moja tu. Mkurugenzi amesema mwisho wa mwezi atampa mtu anayeona mambo kabla hayajatokea. Aliposema hivyo alinitazama. Inawezekana alikuwa akitazama saa ya ukutani iliyo nyuma yangu, lakini nimeamua kwamba alinitazama.

Jumanne, 6 Agosti

Nimewasilisha pendekezo la kurasa sita: tusafiri katika behewa la viti, si la vitanda. Hoja kuu: waliolala mbalimbali hufika wakiwa abiria, waliokaa pamoja hufika wakiwa timu. Sentensi hii niliipigia mstari mara mbili.

Ukweli, ambao nauandika hapa tu, ni kwamba katika behewa la vitanda wanawake hulala chumba chao, na Mkurugenzi wetu ni mwanamke. Mwenzangu angepata saa ishirini na nane na Mkurugenzi, ana kwa ana, na mimi ningepata saa ishirini na nane za kumsikiliza Fundi Mkuu akikoroma. Mungu apishe mbali!

Mkurugenzi aliuliza kama viti hivyo vinaegemea nyuma. Nilimjibu kwamba vinaegemea kwa kiwango cha kuridhisha. Sijui kama vinaegemea. Fundi Mkuu (ilikuwa baada ya chai) alisema mgongo wake una miaka hamsini na minane na katika muda wote huo hakuna kijana aliyewahi kuuomba ushauri. Nikaandika kwenye kumbukumbu: maoni ya mgongo yamepokelewa.

Jumatano, 7 Agosti

Ugunduzi! Nimekaa na ramani tangu alfajiri na nimeliona jambo ambalo naamini watu wa reli wenyewe hawajaliona.

Reli yetu ina umbo la paa la nyumba. Kutoka hapa inapanda kaskazini hadi stesheni ya makutano, kisha inashuka kusini kwa upande wa pili. Asubuhi tunapanda: jua liko mashariki, yaani mkono wa kulia. Mchana tunashuka: jua limehamia magharibi, na kwa kuwa tumekwisha kugeuka, ni mkono wa kulia tena! Atakayeketi kushoto atakuwa kivulini asubuhi, mchana na jioni. Nilisimama peke yangu chumbani nikajipigia makofi. Machache.

Kuna sharti la pili. Mkurugenzi hawezi kusafiri akitazama nyuma; tumbo lake hukataa, na hilo amelisema hadharani. Nusu ya behewa viti vinatazama mbele, nusu vinatazama nyuma. Basi: vya kushoto, vinavyotazama mbele. Nimeliingiza jambo hili katika Mwongozo wa Safari, ambao sasa una kurasa kumi na tisa na jalada.

Mchana Mwenzangu alikuwa akiosha mirija kwenye sinki. Akaniambia, bila hata kugeuka, kwamba baba yake alikuwa fundi wa breki relini miaka mingi, na kuna jambo kuhusu ile stesheni ya makutano ambalo ingefaa nilijue. Nilimshukuru kwa dhati. Nikamweleza kwamba maoni yote yanapokelewa kwa fomu, mwisho Ijumaa saa nne kamili asubuhi. Mpango usio na utaratibu ni porojo.

Alhamisi, 8 Agosti

Stesheni. Karani wa tiketi ni mama mnene mwenye miwani ya kamba, na nyuma yangu ilikuwa foleni ya watu kumi na wanane wasiopenda sayansi. Nilimwomba viti vinne vya kushoto, vinavyotazama mbele, mbali na choo lakini si mbali mno, mbali na mlango lakini karibu na hewa. Akaniuliza kama nimekuja kukata tiketi au kumposa mtu. Foleni ikacheka. Nikatoa ramani. Akaitazama, akavua miwani, akaanza kunieleza kwamba kushoto ni kushoto hadi makutano tu, maana pale... Nikamkatiza kwa heshima zote, nikamjulisha kwamba utafiti wa awali umekamilika na kilichobaki ni utekelezaji.

Alinitazama kwa muda kama mtu anayetazama maziwa yakichemka kuelekea ukingo. Kisha akagonga mihuri minne. Ukakamavu hulipa!

Ijumaa, 9 Agosti

Fomu ya Mwenzangu imenifikia saa nne na dakika saba. Iliniuma, lakini ningeipokea ningekuwa nimemdhulumu kila aliyewahi kurudisha fomu kwa wakati. (Hakuna aliyerudisha.) Nilimrudishia bila kuisoma. Hakukasirika, na hilo lilinikera zaidi. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni, akasema, haya kaka, treni itakwambia yenyewe.

Kauli isiyo na mantiki. Treni haisemi.

Jumamosi, 10 Agosti

Mazoezi ya kuketi. Hakuna jeshi linalokwenda vitani bila mazoezi, na mimi sijawahi kukaa kitini saa ishirini na nane mfululizo, hata siku za mitihani. Ninaishi kwa Shangazi, ambaye ni mshonaji na sebule yake ndiyo karakana yake. Niliweka viti viwili vya mezani kimoja nyuma ya kingine, nikaketi cha nyuma saa moja asubuhi, begi mapajani, magoti yakigusa mbao.

Saa tatu miguu ilikufa ganzi. Saa nne aliingia mteja wa kupimwa gauni, akashtuka, akamuuliza Shangazi kwa sauti ya chini mgonjwa huyu ana nini. Shangazi, sindano mdomoni, akamjibu kwamba amwache, yuko safarini. Mteja wa pili aliniomba nishike ncha ya utepe wa kupimia, kwa kuwa nipo tu. Nikashika. Mteja wa tatu alinitundikia koti.

Saa sita Shangazi akaniuliza nimefika wapi. Nikasema karibu na makutano. Akasema nikifika nishuke nikale, baba, kwa sababu yeye hajaona mtu akifeli kazi kwa kushiba. Nilishuka. Kwa usahihi zaidi, nilianguka; mguu wa kulia haukuwa na habari kwamba tumesimama.

Nimeongeza ukurasa wa ishirini: Kunyanyuka.

Jumatatu, 12 Agosti

Kila kitu tayari. Mirija imefungwa ndani ya masanduku mawili yenye pamba. Nimemgawia kila msafiri nakala ya Mwongozo pamoja na mahali pa kutia saini. Mkurugenzi alitia saini akiwa kwenye simu. Mwenzangu alitia saini na kuongeza neno "nimeonya" kwa mwandiko mzuri kupita kiasi. Fundi Mkuu aliweka kikombe chake juu ya nakala yake, na duara la chai limeangukia palepale panapohusika. Nimelihesabu kuwa saini.

Jumanne, 13 Agosti. Ndani ya treni

Saa mbili asubuhi. Ushindi! Tuliondoka saa kumi na mbili kamili. Jua limewakalia watu wa kulia kama deni, sisi tuko kivulini kama wafalme. Mkurugenzi ameisoma hotuba yake mara mbili. Aliinua macho, akasema kwamba kweli, kijana, umelifikiria jambo hili. Maneno matano, nimeyahesabu. Viti haviegemei hata nukta moja, lakini hakuna aliyegusia. Nilimtupia Mwenzangu jicho la ukarimu. Alikuwa akimmenyea Fundi Mkuu yai.

Saa tano. Tayari nimeanza kufikiria nitakavyopanga meza yangu ya kudumu. Dirishani.

Saa saba na robo. Stesheni ya makutano. Abiria wengi wameshuka. Mwenzangu ameinuka kabla treni haijatulia, akaenda nusu ya pili ya behewa, upande wa kulia, akaanza kutandaza mtandio wake juu ya viti vinne vinavyotazama nyuma. Vinavyotazama nyuma! Juani! Nilimkumbusha kwamba nafasi zimekwisha kugawiwa na kutiwa saini. Akaniambia nimpe dakika kumi tu. Mkurugenzi akauliza kuna nini. Nikamhakikishia kwamba hakuna kitu, na nikamsihi asiondoke kwenye kiti chake kwa hali yoyote.

Saa saba na nusu. Injini yetu imefunguliwa na kuondoka. Nimemtuliza Mkurugenzi kwamba hitilafu za mitambo zimo ukurasa wa kumi na nne.

Saa nane kasorobo. Injini imepita dirishani mwetu, kwenye reli ya pembeni, ikielekea tulikotoka. Dereva alitupungia mkono. Nilimpungia pia.

Saa nane kamili. Kishindo. Kimetokea nyuma.

Saa kumi na moja. Naandika kwa shida, na nitaeleza kwa utaratibu. Treni haigeuki makutano. Haijawahi kugeuka. Injini inafunguliwa kichwani, inafungwa mkiani, mkia unakuwa kichwa, na safari inaendelea. Kila mtoto aliyekulia karibu na reli anajua. Kushoto kwa treni kumekuwa kulia. Mbele kumekuwa nyuma. Jua liliingia upande wetu bila kubisha hodi, na Mkurugenzi, ambaye nilimsihi asiondoke kwa hali yoyote, alianza safari ya kinyumenyume na miale usoni. Alivumilia dakika tisa. Kisha aliinuka, kiganja mdomoni, akakimbilia choo, ambacho niliomba kisiwe karibu.

Aliporudi alikuwa na rangi ya karatasi iliyolowa. Mwenzangu alimshika mkono, akamkalisha kwenye ule mtandio, kivulini, akitazama mbele. Akampa maji. Fundi Mkuu akahamia huko bila kuitwa, akaniambia akipita kwamba mgongo wake unanisalimu.

Walinibakishia kiti. Mkurugenzi mwenyewe aliniita kwa sauti dhaifu, njoo kivulini, kijana. Ningekwenda ningekuwa nimekiri. Nikasema lazima mtu abaki na sampuli. Fundi Mkuu akasema sampuli ni udongo, hauogopi upweke.

Nimebaki. Kwa muda wa saa tatu sasa naitazama nchi ikinikimbia. Mimi pia nimekwenda choo mara mbili.

Jumatano, 14 Agosti

Tumefika saa nne asubuhi. Mirija yote sitini ni mizima. Naomba hilo likumbukwe. Mkurugenzi alikuwa amelala vizuri, lakini sauti ilikuwa imemkauka kwa kutapika, haitoki. Saa nane hotuba. Ndipo alipomkabidhi Mwenzangu karatasi zake, akamwambia asome.

Alisoma. Siwezi kudanganya shajara yangu mwenyewe: alisoma vizuri. Aliulizwa maswali manne na hakumwambia hata mmoja ajaze fomu. Ukumbi ulisimama. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika sanduku tupu, shavu la kushoto limeungua hadi kuwa jeusi kuliko la kulia kwa kiwango kinachopimika. Mjumbe mmoja alinisimamisha akaniuliza kwa huruma kama ni ugonjwa wa kuambukiza. Nikamwambia ni wa ramani.

Baadaye Mwenzangu alinitafuta, akanipa chupa ya mafuta ya kupaka usoni. Nilimuuliza kwa nini hakupiga kelele siku ile, hata bila fomu. Akasema, kaka, nilikwambia kwenye sinki, nikakwambia kwa maandishi, ulitaka nikwambie na kwa ngoma?

Nilipaka mafuta.

Ijumaa, 30 Agosti

Barua zimetoka. Nafasi ya kudumu ni ya Mwenzangu. Nilimpongeza mapema, kabla wengine hawajaingia, kwa sababu sikutaka wanione nikimeza mate. Alisema asante, kisha akasema aliniombea. Nilidhani kwa Mungu. Kumbe kwa Mkurugenzi: mkataba wangu wa majaribio umeongezwa miezi mitatu, kwa sharti moja lililoandikwa kwa herufi nzito, kwamba nisipange safari, mkutano wala kikao chochote.

Shangazi aliisoma barua hiyo chini ya taa ya cherehani. Akaniambia niisome tena, polepole, baba, na safari hii niisome kama mtu anayeambiwa kitu.

Nimeisoma mara nne. Safari, mkutano, kikao. Haikutaja kuhama! Na wiki ijayo maabara inahama kutoka ghorofa ya pili hadi chumba kipya cha chini: makabati kumi na moja, meza tano, mlango mmoja. Hakuna aliyepewa kazi ya kufikiria mpangilio wake. Nimeanza sasa hivi. Kabati kubwa litatangulia, kwa kimo chake chote, likiwa limesimama. Nimekokotoa na linapita kwa nafasi ya vidole vitatu.

Mlango wenyewe sijauona, lakini mchoro wa jengo ninao.