Maji ya Chemchemi na Jiko Langu

Jumatatu, 14 Aprili 1958

Leo Chepngeno amekuja ofisini! Kutoka kijiji cha Bahati kule mlimani, chupa ya maji mkononi, kilemba kimelowa chapachapa. Ndiye anayewapikia uji watoto wa shule ya shamba. Wawili kati yao wamelazwa hospitali, homa ya matumbo. Mwalimu anashuku chemchemi wanayochotea.

Obura akampokea. Obura ndiye mpimaji wa maji. Mimi, Mathenge, ni mwosha chupa. Kwa sasa. Obura akamweleza Chepngeno kwa ile sauti yake ya mahubiri: maji yanatiwa kwenye mirija ya kioo yenye mchuzi wa zambarau, mirija inakaa ndani ya sanduku la joto, na kama kuna vijidudu vya chooni, mchuzi unageuka manjano na kutoa gesi. Jibu Jumatano. Mpaka hapo wachemshe kila tone.

Chepngeno akauliza kama hakuna njia ya haraka, maana kuni zote zimelowa. Obura akasema hakuna. Chepngeno akainamisha kichwa. Nikaona kile kichwa kilivyoinama. Njia itapatikana!

Jumanne, 15 Aprili

Nimeazima (azima, si kuiba) mirija mitatu yenye mchuzi, nikatia maji kidogo ya Chepngeno. Nilifikiri hivi: vijidudu hupenda joto. Joto dogo la Obura huchukua siku mbili. Joto kubwa, je? Mirija sufuriani, sufuria juu ya jiko langu la makaa. Ikatokota vizuri sana. Mmoja ukapasuka. Miwili ikabaki zambarau kama joho la askofu. Hakuna manjano. Maji safi! Kwa saa moja tu!

Baada ya kazi, baiskeli hadi Bahati. Mlima wote natunga hotuba. Nikamkuta Chepngeno akipuliza kuni mbichi, macho mekundu kwa moshi. Nikamwambia maji ni salama, nimeyapima kwa saa moja. Akauliza kama nina hakika. Nikasema ni sayansi. Akacheka kidogo, akanipa kiazi cha moto. Sijawahi kula kiazi kitamu hivyo.

Jumatano, 16 Aprili

Mungu wangu.

Obura kafungua sanduku. Manjano! Mirija yote, na gesi imejaa. Nikamwuliza, kama mtu anayepitisha muda tu, vijidudu vikitokoswa huwaje. Akasema hufa, kwani watu huchemshia maji nini?

Sikuaga. Baiskeli, mvua, tope. Nimeanguka, nimeinuka, nimeanguka tena. Nilikuwa nawaona wale watoto tu, mmoja baada ya mwingine, wakiinua vikombe.

Nikafika. Wameinua vikombe kweli! Nikapiga ukelele, nikairukia ndoo, nikaipiga teke. Maji yote chini. Watoto wakaangua kilio. Chepngeno akatoka na mwiko.

"Mathenge! Hayo maji nimeyachemsha tangu alfajiri!"

"Lakini nilikwambia ni salama!"

"Uliniambia pia umeyapima kwa saa moja. Mimi kitu cha haraka nakiogopa."

Nikakaa palepale topeni. Nikamweleza yote: jiko, sufuria, mrija uliopasuka. Nikalia, mimi mtu mzima, mbele ya watoto wa darasa la kwanza. Nilitarajia mwiko. Badala yake akanivua koti, akalianika karibu na moto, akanipa uji.

"Na umekuja na mvua yote hii," akasema.



Alhamisi, 17 Aprili

Obura ameona mirija imepungua. Akaniita. Nikajiandaa kufukuzwa. Akasema tu kwamba nikitaka kujifunza kazi, niulize, atanifundisha polepole. Majivuno gani haya! Nimemshukuru shingo upande.

Jumapili, 20 Aprili

Watoto wawili wametoka hospitali, wamekonda lakini wanacheka. Chemchemi imezungushiwa ua. Maji sasa yanaletwa kwa tangi.

Baada ya kanisa nikaenda Bahati, viatu vinang'aa. Nikamwambia Chepngeno nina jambo kubwa la kumwomba, nimeliwaza usingizi ukakataa kuja. Akaweka sufuria chini. Akafuta mikono kwenye leso. Akaniangalia kwa upole sana.

"Sema, Mathenge."

Nikamwomba yule kuku wake anayeatamia.

Maana nimegundua! Joto la kuku halitokosi kitu. Na kuku akichokozwa kidogo, hasira humzidishia joto. Mirija chini ya mabawa, jibu kabla ya chai ya saa nne! Obura atauza sanduku lake.

Chepngeno akaiinua sufuria, akaiweka tena. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akasema nimchukue, pamoja na mayai yake, ila kila Jumapili nimlete mwenyewe amwone, mpaka siku nitakapokumbuka kuuliza lile swali lingine.

Swali gani? Nimefikiri njia nzima, sioni. Wanawake wa Bahati wanawapenda kuku wao kupita kiasi.

Kuku nimekwisha kumchokoza. Amenidonoa vidole viwili. Hasira nzuri sana!