Ngazi ya Tatu ya Jenereta, Mbele ya Baba wa Mwanaidi

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Nguo nilikuwa nazo, msianze.) Nawaandikia kutoka intaneti kafe ya hapa mjini Dodoma, nimekaa kona ya mwisho, mgongo mlangoni, maana nusu ya mji imeshapata habari na nusu nyingine iko njiani kuipata.

Mnajua nafanya kazi kile kiwanda cha kukamua alizeti, njia ya Zuzu. Zamani kilikuwa cha umma. Kikauzwa, mwekezaji akakipaka rangi, akatununulia na jenereta mpya kwa ajili ya mgao wa umeme. Na jenereta hii si ile ya kuvuta kamba mpaka bega litoke! Umeme ukikatika inawaka yenyewe. Ubavuni ina paneli yenye kioo kidogo, vitufe, na namba za siri za ngazi tatu. Ngazi ya kwanza unawasha na kuzima. Ya pili unasoma hitilafu na kuzifuta. Ya tatu unabadilisha chochote unachotaka, Mungu akusaidie.

Fundi aliyeileta kutoka Dar alieleza vizuri kabisa. Ya kwanza apewe mwendeshaji. Ya pili apewe fundi wa kiwanda. Ya tatu msiiguse, mkiwa na shida nipigieni simu.

Sasa kamwambie hivyo Mtanzania mwenye cheo.

Kikaitishwa kikao. Mhasibu akauliza, "Yaani mimi, mkuu wa idara, niwe ngazi moja na Chilongani?" (Chilongani ndiye mwendeshaji wa jenereta.) Afisa mauzo akasema hata ya pili hapokei, kwa sababu amesikia dereva wa meneja naye anaitaka. Mimi, afisa ugavi, nikasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba sina makuu, ilimradi nisiwe chini ya mauzo. Tukatoka pale wote tuna ngazi ya tatu. Wote! Mpaka mama wa masjala, ambaye jenereta ikinguruma huziba masikio. Namba yenyewe moja, tunaijua sote, na bado tunaiita ya siri. Chilongani akabaki peke yake ngazi ya kwanza, akasainishwa waraka kwamba hatagusa kitufe kingine chochote isipokuwa cha kijani na chekundu. Aliyeuandika ule waraka ni mimi. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Haya, leo.

Posa yangu iko Kondoa kwa akina Mwanaidi, na jibu halijatoka. Nanyi mnajua jibu la posa halitoki mpaka mtu wao apite kazini kwa muoaji "kusalimia". Anakaa kwenye benchi, anakunywa maji, anauliza huyu na yule, anaondoka na taarifa kamili kuliko polisi. Asubuhi Mwanaidi akanitumia ujumbe: "Baba yuko Dodoma. Atapita kwako leo. Nakuomba uongee kidogo."

Uongee kidogo! Yule binti ananijua.

Mzee Iddi akaingia getini na kanzu yake safi, kofia, na mkoba wa ngozi. Yeye ni mfanyabiashara wa alizeti, kwa hiyo hata mlinzi hakumshangaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, karibu sana. Umetufanyia jambo kubwa."

"Nimepita tu."

Nimepita tu! Nikamtembeza. Uani wakulima kutoka Hombolo wamejaa na magunia yao tangu alfajiri, mashine ndani zinakamua, mafuta yanatiririka, mambo mazuri. Laiti ningeishia hapo. Lakini Mzee alikuwa anaitikia "naam, naam" kwa sauti ya mtu ambaye ameona viwanda vingi, nami nikaona sijamgusa moyo. Nikamwambia, "Mzee, njoo nikuonyeshe kitu ambacho si kila mtu hapa anaruhusiwa kukigusa."

Kwenye banda la jenereta Chilongani alikuwa anafuta vumbi. Akatupisha. Nikaweka namba yangu ya ngazi ya tatu huku nimeziba vidole kwa mkono wa pili, kama mtu anayetoa pesa benki.

"Hapa mzee kuna ngazi. Wengine wanawasha tu. Sisi wa juu tunaingia mpaka ndani. Mimi nikibonyeza hapa, kiwanda kizima kinanitii."

(Ndiyo. Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.)

Mzee akasogea, akavaa miwani. "Mashallah. Basi kiamuru kitu kimoja nione."

Jamani, nifanyeje? Niseme sijui? Mbele ya baba wa Mwanaidi? Nikabonyeza kishale. Nikabonyeza kingine. Nikabonyeza cha kukubali. Maandishi yote kwenye kioo yakageuka ghafla yakawa ya ajabu. Herufi nyingine zina mikia, nyingine zina kofia. Mpaka sasa sijui ilikuwa lugha ya nchi gani.

"Eh!" Mzee akashangaa. "Na haya unayasoma?"

"Kidogo kidogo, mzee."

Mwenyezi Mungu anisamehe. Nikaanza kubonyeza haraka haraka kutafuta njia ya kurudi, na kila nilipobonyeza nilizidi kuingia ndani. Kitu kikalia tii! Taa ya kijani ikazimika, ikawaka nyekundu. Nikamwambia Mzee hiyo nyekundu ndiyo nzuri. Chilongani akakohoa. Nikampeleka Mzee kwenye benchi nje ya ofisi, chini ya kibaraza, nikamwagizia soda.

Soda haijafika nusu, mgao ukaingia.

Siku zote umeme ukikatika, kabla hujamaliza kuguna jenereta imeshanguruma. Leo kimya. Kimya cha kutisha! Mashine zote zikasimama na alizeti ya moto matumboni. Ambao hamjafanya kazi hii niwaambie: mashudu, yale makapi ya alizeti, yakipoa ndani ya mashine yanaganda, na hapo mtayatoa kwa patasi mpaka kesho. Wakulima wakaanza kusimama juu ya magunia wachungulie. Meneja akatoka ofisini tai iko begani.

"Chilongani! Washa!"

"Nimewasha bosi. Imekataa."

"Inasemaje?"

"Inasema bosi, ila kwa lugha yake."

Meneja akakimbilia bandani, akatazama kioo, akatoka anahema. "Nani amechezea hii kitu? Hii ni ngazi ya tatu! Wenye ngazi ya tatu waje hapa mbele, sasa hivi!"

Mngeona. Watu waliotoana macho kwenye kikao kwa ajili ya ile ngazi, leo hakuna mwenyewe!

"Mimi nilipewa kwa heshima tu," mhasibu akasema. "Hata hilo banda sijawahi kuingia."

"Mimi niliirudisha," akasema afisa mauzo.

"Namba ya siri uliirudishaje?"

"Kwa mdomo, bosi."

Mama wa masjala alikuwa ameziba masikio, na jenereta yenyewe imezima. Zamu yangu ikafika. Hapo ndipo ningejiokoa, wenzangu. Neno moja tu, "ni mimi," na leo ningekuwa nyumbani nakula. Badala yake nikasimama wima nikasema, "Bosi, mimi ni mtu wa ugavi. Mambo ya paneli siyajui na sijawahi hata kuigusa."

Nyuma yangu benchi likalia kriii. Mzee Iddi amesimama.

"Samahani bosi," akasema, chupa ya soda mkononi. "Naona mnahangaika, na mtu mwenyewe mnaye. Huyu kijana anajishusha tu. Hiyo ya tatu anayo. Sasa hivi ametoka kunionyesha, amebadilisha na maandishi nikiwa hapo hapo. Na anayasoma!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, si mnaijua ardhi ya Dodoma ilivyo ngumu.

Mkulima mmoja juu ya magunia akapaza sauti, "Si asome basi!" Wakaangua kicheko uwanja mzima. Meneja hakucheka. Akaninyooshea mkono kuelekea bandani, taratibu, kwa adabu, na adabu ile ilinitisha kuliko matusi.

"Tusomee, Shabani."

Nikasimama mbele ya kioo. "Inasema... kuna hitilafu."

"Hitilafu gani?"

"Ya... ndani."

Ikabidi apigiwe fundi wa Dar. Na simu pale kiwandani inashika sehemu moja tu, juu ya mzani wa malori, mbali na banda. Meneja akapanda mzanini na simu yake sikioni. Wakulima wakajipanga wenyewe kutoka mzanini hadi bandani kupokezana maneno, na kwa furaha waliyokuwa nayo ungedhani wamealikwa harusini. Nikamgeukia Chilongani, nikamnong'oneza, "Kaka, niokoe, bonyeza wewe."

"Ningependa, afisa," akasema, mikono nyuma. "Ila mimi ngazi ya kwanza. Nilisaini."

Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Basi nikabonyeza mimi. Meneja anapaza sauti mzanini, wakulima wanapokea: "Kishale cha chini! Cha chini tena! Amepitiliza huyo, mwambieni arudi juu!" Mara ikafika pa kuweka namba ya siri, na kwa hofu namba yenyewe ilikuwa imenitoka kichwani. Jamani! Ilisomwa kutoka Dar, ikatamkwa na meneja juu ya mzani, ikapita mdomo kwa mdomo uwanja mzima, tarakimu moja moja, mpaka mama wa uji getini akaidaka na kuirudia ili nisikosee. Kwa hiyo ngazi ya tatu ya kiwanda chetu, ile iliyotaka kuvunja idara, leo anayo kila mkulima wa Hombolo na mama wa uji.

Kiswahili hakimo kwenye ile paneli, lakini Kiingereza kilivyorudi nilikiona kama lugha ya mama yangu. Jenereta ikakohoa, ikatema moshi mweusi, wote ukanijia kwenye shati jeupe nililopiga pasi kwa ajili ya mkwe. Ikanguruma. Uwanja ukapiga vigelegele. Mashine zikazunguka, mashudu hayakuganda, na meneja akaniambia niende ofisini kwake kesho kabla ya kikao cha asubuhi, na nisichelewe.

Mzee Iddi alikuwa ananingoja kwenye kibaraza. Mkoba uko begani tayari.

"Mwanangu," akasema, "nilikuja hapa kuuliza watu habari zako."

"Ndiyo, mzee."

"Sijamuuliza hata mmoja."

Nikainamisha kichwa. Masizi yananidondoka.

"Kuharibu mashine si kitu. Mimi mwenyewe nimeshaua injini mbili za kusaga kwa kujifanya najua. Lakini umemdanganya bosi wako mchana kweupe, nami nimekaa pale nyuma yako nakunywa soda uliyoniagizia mwenyewe. Siku mwanangu akiunguza chakula, au wewe ukipoteza kodi ya nyumba, utasema hujawahi kuigusa?"

Na hapo, wenzangu, utani wote uliniisha. Nilitaka kulia. Nikasema tu, "Nisamehe mzee. Nilitaka unione mkubwa."

Kisha akacheka kidogo puani, akanifuta masizi shavuni kwa leso yake, akaitazama leso, akaghairi kuirudisha mfukoni. Akanipa.

"Sikiliza. Kwangu Kondoa nako kuna ngazi tatu. Ya kwanza, unapiga hodi, unasalimia, unakunywa maji, unaondoka. Ya pili, unakaa mpaka chakula. Ya tatu ndiyo Mwanaidi."

"Na mimi mzee niko ngazi gani?"

"Ya kwanza. Na namba ya hizo nyingine nimeshaibadilisha."

Akaaga kwa amani, akaenda zake. Nilipofika hapa mjini simu ikalia, ujumbe umeingia. Mwanaidi: "Nilikuambia uongee KIDOGO." Halafu ikaja nyingine: "Ijumaa baba atakuwepo nyumbani baada ya swala. Njoo upige hodi."

Basi Ijumaa nakwenda Kondoa kunywa maji. Leso nimeifua mara mbili, masizi hayatoki. Nawaomba sana msinicheke, na kama imewashinda kabisa, basi chekeni kwa ngazi ya kwanza.